Kioo chenye upande mmoja: historia ya diski ya pili

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara na watu wanaotunza seva ndogo ndogo za ofisi. Pesa zilizopo zinatosha diski moja. Je, mtu anaweza kuanza na hiyo moja, halafu ya pili aiongeze mwisho wa mwezi zikipatikana, ili diski hizo mbili ziwe kioo, yaani kila moja iwe na nakala kamili ya yale yaliyo kwa mwenzake? Na je, afanye hivyo bila kuupanga mfumo mzima upya? Jibu ni ndiyo. Kwenye Linux ni amri moja, nami naiweka hapa juu ili mwenye haraka aichukue aende zake:

mdadm /dev/md0 --add /dev/sdb1

Wewe uliyebaki, kaa nikusimulie. Amri hii fupi ina karibu nusu karne nyuma yake, na ukiifuata utaona jambo ambalo muuza diski hana sababu ya kukuambia: usalama wa kioo unategemea zaidi ule muda ambao diski moja imebaki peke yake kuliko ubora wa diski zenyewe.

Tuanze California mwaka 1974, ambapo James Treybig na wenzake, wengi wao wakitoka Hewlett-Packard, walianzisha kampuni iliyoitwa Tandem. Biashara yao ilikuwa moja tu: kompyuta isiyozimika. Mashine yao ya kwanza ilifika kwa mteja mwaka 1976, na mteja huyo alikuwa Citibank. Ndani yake kila kitu muhimu kilikuwa viwili au zaidi: vichakato, njia za umeme, nyaya za kwenda kwenye diski, na diski zenyewe. Kila kilichoandikwa kiliandikwa kwenye diski zote mbili. Kusoma, ulisoma kutoka yoyote. Moja ikifa, fundi aliitoa, akaweka nyingine, na mashine ikaijaza huku wateja wa benki wakiendelea kutoa pesa zao bila habari.

Hilo la mwisho ndilo lilikuwa na thamani. Kuandika kitu mara mbili si jambo gumu, hata karani wa zamani aliweka karatasi ya kaboni. Ugumu ni kumrudisha pacha aliyepotea wakati kazi inaendelea na data zinabadilika kila sekunde. Tandem waliliweza hilo, lakini kwa bei ya benki na masoko ya hisa. Wengine walikuwa njiani pia. Norman Ken Ouchi wa IBM alipewa hataza mwaka 1978 kuhusu namna ya kurudisha data za kifaa kilichokufa, na kampuni ya Digital ikauza diski za kioo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina la RAID lilikuwa bado.

Jina lilikuja kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mnamo Desemba 1987 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz walitoa ripoti, na Juni 1988 wakaiwasilisha kwenye kongamano la SIGMOD mjini Chicago. Hoja yao ilikuwa ya kichokozi. Upande mmoja waliweka diski kubwa ya IBM 3380, MB 7,500, kitu cha ukubwa wa kabati. Upande wa pili waliweka Conner CP3100, diski ndogo ya kompyuta za mezani, MB 100 tu, lakini nafuu zaidi kwa kila MB. Kwa nini usinunue ndogo nyingi badala ya kubwa moja? Kwa sababu zitakufa. Waliifanya hesabu wenyewe: diski moja ikidumu wastani wa saa 30,000, basi ukiwa nazo 100 utarajie moja ife kila saa 300. Hizo hazifiki wiki mbili.

Wakapendekeza ngazi tano za kuongeza diski za ziada ili kifo cha moja kisiwe msiba. Kioo kilipewa nafasi ya ngazi ya kwanza, na si kwa heshima. Kwao kilikuwa njia ya zamani na ya gharama kuliko zote, kwa kuwa nusu ya diski unazonunua hupati nafasi yake. Walikitaja ili ngazi ya tano ionekane bora. Lakini angalia seva za ofisi zetu leo: mwenye diski mbili hana haja na ngazi ya tano, na kioo ndicho kilichobaki mikononi mwa watu wa kawaida. (Herufi I katika RAID ilisimamia diski za bei rahisi. Baadaye wauzaji wakaibadilisha isimamie diski zinazojitegemea. Ukitazama bei zao utaelewa kwa nini.)

Sasa hebu tufanye hesabu ya kioo pamoja, ni nyepesi. Tuchukue zile saa 30,000 za Berkeley, yaani takriban miaka mitatu na miezi mitano kwa diski moja isiyo na mwenzake. Ukiwa na mbili, ili upoteze data lazima ya pili ife kabla hujaibadilisha ya kwanza. Kanuni inasema: zidisha 30,000 kwa 30,000, kisha ugawanye kwa mara mbili ya saa unazotumia kumrudisha pacha. Ukimrudisha ndani ya saa 24, unapata saa milioni 18 na ushee, karibu miaka 2,140. Ukingoja siku 30 ili mshahara uingie, inashuka hadi miaka 71. Na kama hakuna aliyegundua kwamba moja imekufa, kioo kikabaki na upande mmoja hadi mwisho? Hapo wastani ni saa 45,000. Miaka mitano na kidogo.

Rudia kusoma nambari hizo. Diski ni zile zile, programu ni ile ile, ila kutoka miaka 2,140 tumeanguka hadi mitano kwa sababu tu hakuna aliyekuwa akitazama. Nami nimekuta seva za namna hiyo zaidi ya mara moja. Mwenyewe anakwambia kwa fahari kwamba ana RAID, unafungua /proc/mdstat, unakuta [2/1] [U_] tangu siku ambazo hakuna anayezikumbuka.

Turudi kwenye historia, maana sasa Linux inaingia. Kerneli 2.0 ilipotoka Juni 1996 ilikuwa na kipande kilichoitwa md, kazi ya Marc Zyngier. Kiliweza kuunganisha diski moja mwishoni mwa nyingine, au kugawa data kwa vipande kati ya diski mbili ili kasi iongezeke. Kioo hakikuwemo. Hicho kilitengenezwa na Ingo Molnar, Gadi Oxman na Miguel de Icaza, huyo huyo aliyeanzisha mradi wa GNOME mwaka 1997. Kwa miaka kadhaa aliyetaka toleo zuri la kazi yao alilazimika kubandika viraka kwenye kerneli yake na kuijenga upya, hadi kerneli 2.4 ilipotoka Januari 2001 ikiwa nalo ndani.

Kwa nini ilikuwa habari kubwa? Kwa sababu kabla ya hapo kioo ulikinunua kikiwa kwenye kadi. Kadi nzuri ya RAID ilikuwa ghali, na ilikuwa na tabia ya kuandika kwenye diski kwa lugha yake yenyewe. Kadi ikiungua, diski zako mbili nzima zinabaki bubu mpaka upate kadi ya aina ile ile. Katika mji ambako kadi yenyewe iliagizwa kutoka ng'ambo, hilo si jambo dogo. Diski ya md unaichomoa, unaipachika kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, hata ya mtumba, na inasomeka. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko bei ya kutumia RAID ya programu huria katika sehemu zetu, na bado ni kweli.

Zana za mwanzo ziliitwa raidtools. Uliandika faili la /etc/raidtab ukieleza diski zako, na humo kulikuwa na neno la ajabu kidogo: failed-disk. Uliweza kuiambia kerneli kwamba diski fulani imeshakufa kabla kioo hakijazaliwa. Kerneli ilikubali, ikaunda kioo chenye upande mmoja, ikaendelea na maisha. Mwaka 2001 Neil Brown, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Sydney, akaandika zana mpya, mwanzo ikiitwa mdctl kisha mdadm. Faili la raidtab halikuhitajika tena. Ile hila ya failed-disk akaipa neno la uungwana zaidi, missing:

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 missing /dev/sdb1

Soma amri hiyo kama sentensi. Tengeneza kioo cha diski mbili. Ya kwanza haipo, ya pili ni hii. Kioo kinafahamu kwamba ni cha wawili hata kabla mwenzake hajanunuliwa. Sijui kama Brown alikuwa akifikiria watu wanaonunua seva kwa awamu, lakini neno lile linatufaa sana sisi. Angalia tu kwamba nambari ni 2. Ukikitengeneza kioo kwa nafasi moja, ukaja baadaye kuongeza diski, itaingia kama ya akiba, utaiona na (S) pembeni, na haitanakiliwa chochote mpaka uongeze nafasi kwa amri ya --grow. Watu wengi hudhani wana kioo, kumbe wana diski moja na abiria.

Mwaka jana nilifanya kazi hii kwa sacco moja ndogo ya wafanyabiashara wa soko. Hisa na mikopo ya wanachama, miaka kumi na mmoja, vyote vilikuwa kwenye diski moja ya TB 1. Kamati ikapitisha pesa za diski nyingine. Utaratibu ni huu: diski mpya, tupu, unaifanya kioo chenye missing. Unanakili kila kitu kutoka ya zamani. Unaiwasha mashine kutoka kwenye mpya, ukihakikisha GRUB imo. Mwishowe unaichukua ya zamani na kuiongeza iwe pacha.

Sasa simama hapo. Hatua ya mwisho inaifuta diski ya zamani. Ile ambayo ndiyo pekee uliyokuwa ukiiamini miaka yote inafunikwa na yale yaliyo kwenye mpya, yawe sahihi au mabovu. Kwa hiyo kabla ya kuandika --add nilimwomba mama mhasibu alete madaftari.

"Kwani hiyo mashine yako haijui kuhesabu?" akaniuliza.

"Inajua, mama. Haijui tu kama hesabu ni yenu."

Tukachagua wanachama ishirini bila mpangilio, tukalinganisha salio la kila mmoja kwenye skrini na lile la daftari. Tukatoa pia nakala rudufu kwenye diski ya nje, akaifungia kwenye sefu. Ndipo nikaongeza. Ilichukua karibu saa tatu, na wanachama wakahudumiwa dirishani muda wote huo.

Jim Gray wa Tandem alishaliona hili zamani. Mwaka 1985 aliandika ripoti akichunguza kwa nini kompyuta husimama, akitumia kumbukumbu za wateja wa mashine zile zile ambazo kila kitu ndani yake ni viwili. Vifaa vilisababisha asilimia 18 tu. Mikono ya watu, yaani uendeshaji, matengenezo na mipangilio, ilichukua 42. Vioo vilikuwa vimefanya kazi yao, na aliyebaki kuangusha mashine ni fundi. Kuongeza diski ya pili ni kazi ya fundi, saa ambayo data zinaelekea upande mmoja na ukikosea upande hakuna kurudi.

Ndiyo maana napenda namna md inavyojilinda. Kila diski mwanachama hubeba kijisehemu kidogo ambacho md peke yake hukiandika. Katika muundo wa zamani, 0.90, kilikuwa baiti 4,096 karibu na mwisho wa diski. Humo mna kitambulisho cha kioo, nafasi ya diski hiyo, na hesabu ya matukio inayopanda kila hali ya kioo inapobadilika. Diski ikichomoka leo, hesabu yake inaganda pale pale huku ya mwenzake ikiendelea kupanda. Ukiirudisha kesho, md inalinganisha: huyu yuko nyuma, hasikilizwi, atanakiliwa upya. Bila hesabu hiyo, mashine ikiwaka na diski mbili zinazodai zote ni za kweli, ingekuwa kesi ya ndugu wawili na hati moja ya shamba.

Na wakati wa kunakili je, mteja akiweka pesa katikati? Mnakili huenda kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho, kipande baada ya kipande. Kila maandishi mapya huenda kwenye diski zote mbili tangu mwanzo. Kusoma kwa sehemu ambayo mnakili hajaifikia hutoka kwenye diski ya zamani pekee. Kwa hiyo mpya hairuhusiwi kusema kitu ambacho haijafundishwa.

Kilichobaki kuwa kero kilikuwa stima. Anayekumbuka mgao wa mwaka 2000, wa ule ukame, anajua ninachosema. Stima ikikatika ghafla wakati wa kuandika, diski moja inaweza kuwa imepata na nyingine haijapata. Md haikujua ni wapi, basi ilinakili diski nzima upya. Kwa diski ndogo za wakati huo unangoja. Diski zikikua, stima ikipotea mara mbili kwa wiki, kioo kinakaa kikijilandanisha tu, na mashine inaburura miguu. Dawa ilikuja mwaka 2005, katika kerneli 2.6.13, kutokana na kazi iliyoanzwa na Paul Clements wa SteelEye: ramani ya biti. Kabla ya kuandika sehemu fulani ya diski, md huweka alama kwenye ramani kwamba hapo pana kazi. Stima ikirudi, inalandanisha palipo na alama tu. Saa nyingi zikawa sekunde. Kama seva yako haiko kwenye UPS ya kuaminika, hakikisha ramani hiyo ipo.

Halafu ukaja mwaka 2007, na Garth Gibson akarudi jukwaani. Miaka karibu ishirini baada ya ile ripoti ya Berkeley, yeye na Bianca Schroeder walichunguza takriban diski 100,000 zilizokuwa kazini. Watengenezaji walikuwa wakiahidi wastani wa saa milioni moja na zaidi, ambayo ni chini ya asilimia moja ya diski kufa kwa mwaka. Walichokuta ni kati ya asilimia 2 na 4 kwa kawaida, na mahali pengine hadi 13. Jambo zito zaidi kwetu ni jingine: vifo havikujitegemea. Diski moja ikibadilishwa, uwezekano wa nyingine kufuata ulipanda. Hesabu yetu ya miaka 2,140 ilisimama juu ya dhana kwamba pacha mmoja akifa mwenzake hana habari. Google nao walitoa uchunguzi wao mwaka huo huo: diski ikionyesha kosa la kwanza la kusoma inapokaguliwa, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya zile zisizo na kosa. Na zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote.

Kwa hiyo ukienda Luthuli Avenue usinunue mbili kutoka boksi moja. Chukua za watengenezaji wawili, au nunua moja sasa na nyingine baadaye. Mnunuzi wa awamu, yule tuliyeanza naye, hapo anamshinda mwenye pesa taslimu, mradi tu awe na nakala rudufu katika miezi ya upweke. Kioo hakirudishi faili lililofutwa. Kitalifuta kwenye diski zote mbili kwa uaminifu mkubwa.

Hatari nyingine ya muda wa kuongeza ni sekta mbovu zilizolala. Diski ya zamani inaweza kuwa na sehemu ambayo haijasomwa miaka minne. Siku mwenzake anapokufa ndiyo siku ya kwanza unaisoma yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo inakuambia haiwezi. Md ilipata uwezo wa kuzipitia diski zote mbili zikiwa bado nzima na kurekebisha sekta mbovu kwa kutumia nakala ya pacha. Debian kwa miaka mingi ilipanga ukaguzi huo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa saba kasoro dakika tatu usiku. Kama huwa unaizima seva wikendi, uanzishe mwenyewe:

echo check > /sys/block/md0/md/sync_action

Diski nazo zinaendelea kukua. Ile Conner ya MB 100, hata kwa MB 1 kwa sekunde, ungeinakili kwa dakika moja na sekunde arobaini. Diski ya TB 20 kwa MB 200 kwa sekunde inataka karibu saa 28, na hapo mashine iwe haina kazi nyingine. Ikiwa na kazi, md hujirudisha nyuma ili isiwasumbue watumiaji, na kiwango cha chini inachojiwekea ni KB 1,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo TB 20 ni siku 231. Kiwango hicho kimo kwenye /proc/sys/dev/raid/speed_limit_min, na kinabadilishika. Mimi hukipandisha jioni, ofisi ikifungwa, na kukirudisha asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa.